Unaweza kutembea na shingo iliyovunjika

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu akivunjika shingo hufa papo hapo, au akinusurika hubaki kitandani maisha yake yote asiweze kuinua hata kidole. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Mwigizaji filamu wa Marekani, Christopher Reeve, aliyejulikana kote ulimwenguni kwa kuigiza Superman, alianguka kutoka kwa farasi Mei 1995 akaumia pingili mbili za juu kabisa za shingo. Hakutembea tena, na alihitaji mashine ya kumsaidia kupumua hadi alipofariki mwaka 2004.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao haujulikani sana. Wapo watu wanaovunjika pingili hizo hizo mbili, wakainuka, wakajipangusa vumbi na kupanda matatu kurudi nyumbani. Huhisi maumivu ya shingo, wakanunua dawa za kutuliza maumivu katika duka la dawa, na baada ya siku chache wakarudi kazini. Wiki au miezi baadaye, mikono huanza kufa ganzi na miguu kukosa nguvu. Wakati huo hakuna anayekumbuka ile ajali.

Hawa ndio ninaotaka tuwazungumzie leo, kwa sababu wengi wao wanaweza kuokolewa iwapo watagunduliwa mapema. Hata aliyechelewa bado ana tiba.

Pingili mbili zisizofanana na nyingine

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Tano za chini zinafanana kwa umbo, lakini mbili za juu ni tofauti kabisa.

Pingili ya kwanza ni kama pete. Wataalamu waliipa jina la Atlas, lile jitu la hadithi za Wagiriki wa kale lililobeba mbingu mabegani, kwa sababu juu yake hukaa kichwa chote, chenye uzani wa kilo 4 hadi 5. Pingili ya pili ina kijiti cha mfupa kilichosimama wima kama jino, ambacho huingia ndani ya ile pete. Kijiti hicho hushikwa mahali pake na kano ngumu inayopita nyuma yake kama mkanda.

Unapogeuza uso kutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara, pete huzunguka juu ya lile jino. Takribani nusu ya uwezo wetu wote wa kugeuza shingo hutokana na kiungo hiki kimoja.

Nyuma ya jino hilo hupita ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Amri zote za kusogeza mikono na miguu, za kuvuta pumzi na za kuzuia haja, hupitia hapo. Ndiyo maana jeraha la sehemu hii linaweza kumkatiza mtu pumzi kwa dakika chache.

Kwa nini wengine hawapoozi

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa sehemu yenyewe ni ya hatari namna hii, inakuwaje mtu atembee nayo ikiwa imevunjika?

Jibu liko katika ile pete. Nafasi iliyo ndani yake ni kubwa kuliko inavyohitajika. Kwa makadirio wanayotumia madaktari wa mifupa, theluthi moja hujazwa na jino la pingili ya pili, theluthi ya pili na ugwe wa mgongo, na theluthi iliyobaki ni akiba. Mfupa ukivunjika na kusogea kidogo, akiba hiyo huuzuia usiguse ugwe. Mgonjwa anaumwa na shingo tu.

Ubaya ni kwamba akiba hiyo ikishatumika, hakuna nyingine. Mfupa usioungana husogea leo kidogo, kesho kidogo, kila anapoinama au kubeba mzigo, hadi siku unapougusa ugwe. Wakati mwingine huko kusogea hutokea kwa ghafla, kwa mfano basi linapofunga breki au mtu anapoteleza bafuni.

Aina za kuvunjika

Kuna njia tatu kuu ambazo pingili hizi huvunjika.

Ya kwanza ni pete kupasuka. Hutokea uzito unaposhuka moja kwa moja juu ya utosi, mathalan kijana anapopiga mbizi kwenye maji yasiyo na kina, au mtu anapoanguka kwa kichwa. Daktari Mwingereza, Geoffrey Jefferson, aliandika kwa kina kuhusu jeraha hili mwaka 1920 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Vipande vya pete hutawanyika kwenda nje, na kwa hivyo nafasi ya ugwe huongezeka badala ya kupungua.

Ya pili ni kuvunjika kwa upinde wa nyuma wa pingili ya pili. Madaktari huliita jeraha la mtu aliyenyongwa, lakini siku hizi chanzo chake kikubwa ni ajali za magari, hasa abiria wa mbele anapogonga kidevu au paji la uso kwenye dashibodi. Hapa pia nafasi ya ugwe mara nyingi hupanuka.

Ya tatu, na ndiyo inayotusumbua zaidi, ni kuvunjika kwa lile jino. Mwaka 1974 madaktari Anderson na D'Alonzo waliligawa jeraha hili katika aina tatu: la ncha, la shina, na la chini zaidi ndani ya mwili wa pingili. Lile la shina ndilo lenye sifa mbaya. Sehemu hiyo ni nyembamba, vipande vyake haviegemeani vizuri, na kila kichwa kinapotikisika navyo hutikisika. Kwa hivyo mara nyingi mfupa hukataa kuungana, hasa iwapo umesogea zaidi ya milimita 5 au mgonjwa amezidi miaka 50.

Kwa wazee, jeraha hili halihitaji ajali kubwa. Nyanya aliyejikwaa kwenye zulia na kugonga uso anaweza kuwa amevunjika jino hilo.

Kwa nini hugunduliwa kwa kuchelewa

Sababu ya kwanza ni kwamba mgonjwa haendi hospitali. Anatembea, mikono inafanya kazi, hivyo anadhani ni msuli uliovutika.

Sababu ya pili ni majeraha mengine. Mtu aliyeletwa na paja lililovunjika na damu usoni hushughulikiwa paja na uso. Shingo husahauliwa kwa sababu yeye mwenyewe haitaji. Aliyekuwa amelewa au kupoteza fahamu naye hawezi kueleza ni wapi panapouma.

Sababu ya tatu ni picha yenyewe. Katika eksirei ya kawaida ya shingo, kivuli cha taya na meno hufunika pingili hizi mbili za juu. Ndiyo maana hupigwa picha ya ziada mgonjwa akiwa amefungua mdomo. Bila picha hiyo, ufa unaweza kupita bila kuonekana. Na hata picha zote zikipigwa, nyufa nyingine huonekana kwa skani ya CT pekee. Kwa hivyo, ukiambiwa eksirei iko sawa na bado shingo inauma vibaya baada ya wiki mbili, rudi ukaangaliwe tena.

Sababu ya nne ni kukandwa. Nitoe mfano wa mgonjwa mmoja, ambaye nimebadilisha mambo machache kumhusu ili asitambulike. Alikuwa fundi wa mawe, wa umri wa miaka 38, aliyeanguka kutoka orofa ya kwanza kwenye mjengo. Katika zahanati aliyopelekwa alishonwa jeraha la kichwa, akapewa dawa na kuruhusiwa kwenda. Shingo ilipozidi kukakamaa, alikwenda kwa mkandaji mara tatu, na kila Jumamosi kinyozi wake alimnyoosha shingo kwa kuizungusha hadi ilie "ka!"

Alikuja kwangu baada ya miezi minne akilalamika kwamba mwiko unamponyoka mkononi. Nilimwomba afunge vifungo vya shati lake. Vitatu vya kwanza vilimchukua karibu dakika mbili. Nilipomwuliza kama amewahi kuanguka, alifikiri kidogo, ndipo akanieleza habari za mjengo. Picha ya mdomo wazi ilionyesha jino la pingili ya pili limekatika kwenye shina, nayo ile ya ubavuni ilionyesha kwamba pete pamoja na kichwa imesogea mbele. Baadaye nitaeleza alivyotibiwa.

Dalili za kuangalia

Iwapo wewe au mtu wako alipata ajali, hata kama ni miezi kadhaa iliyopita, angalia dalili zifuatazo:

1. Maumivu ya juu kabisa ya shingo, yanayopanda hadi kisogoni, na yasiyoisha baada ya wiki mbili.

2. Kushika kichwa kwa mikono miwili wakati wa kuamka kitandani au kulala. Anayefanya hivyo haigizi. Mwili wake unajua kwamba kichwa hakijashikiliwa vizuri.

3. Shingo kukakamaa au kuinama upande mmoja.

4. Hisia kama ya kupigwa na stima, inayoshuka mgongoni hadi miguuni unapoinamisha kichwa.

5. Vidole kuwa vizito katika kazi ndogo ndogo, kama vile kuandika, kufunga vifungo au kuhesabu sarafu.

6. Miguu kukakamaa, kujikwaa ovyo, au kushindwa kutembea gizani.

7. Kushindwa kuzuia mkojo, au mkojo kukataa kutoka.

Dalili tatu za kwanza zinatosha kukupeleka hospitali. Zile nne za mwisho zina maana kwamba ugwe umeanza kuguswa, na hupaswi kungoja hata siku moja.

Niongeze kwamba si kila shingo inayouma kwa muda mrefu imevunjika. Kifua kikuu kinaweza kushika pingili za shingo na kuleta dalili kama hizi hizi kwa mtu asiyepata ajali yoyote, hasa akiwa na homa za usiku na kukonda. Naye pia anahitaji picha kabla ya kukandwa.

Mfupa ukiachwa bila tiba

Mfupa ulioachwa huishia katika mojawapo ya hali tatu.

Huweza kuungana wenyewe mahali pake. Huyo ana bahati, na pengine hatajua kamwe kwamba alivunjika.

Huweza kuungana ukiwa umepinda. Shingo hubaki imekakamaa na kuuma, na wakati mwingine nafasi ya ugwe hubaki finyu.

Au hukataa kuungana kabisa. Hapa tena kuna makundi mawili. Kwa wengine, kovu gumu hushika vipande na kuvizuia visicheze. Kwa wengine, vipande huendelea kucheza. Tofauti ya makundi haya mawili ndiyo inayoamua matibabu.

Matibabu ya aliyechelewa

Hatua ya kwanza ni kuituliza shingo. Mgonjwa huvishwa kola ngumu na kukatazwa kubeba mizigo, kupanda bodaboda na kukandwa.

Hatua ya pili ni picha. Eksirei huonyesha mpangilio wa mifupa, skani ya CT huonyesha ufa wenyewe na kama umeungana, nayo MRI huonyesha hali ya ugwe. Mtaalamu anaweza pia kutaka eksirei mgonjwa akiwa ameinama kidogo na ameinua kidogo, ili ajue kama vipande vinacheza. Usijaribu kipimo hiki nyumbani, wala usikubali kufanyiwa na mtu asiye mtaalamu.

Iwapo vipande vimeshikana na havichezi, hasa kwa mzee mwenye magonjwa mengine, daktari anaweza kuamua kutompasua. Atavaa kola kwa muda na kupigwa picha mara kwa mara. Uamuzi huo ni tiba, ilimradi miadi ifuatwe.

Iwapo vipande vinacheza, au ugwe umeanza kubanwa, upasuaji huhitajika. Kwanza mifupa hurudishwa mahali pake polepole. Koleo maalum hushikizwa pande mbili za fuvu la kichwa, kukiwa na dawa ya ganzi, na uzani mdogo huning'inizwa kwa kamba kichwani pa kitanda. Kila siku au kila baada ya saa kadhaa uzani huongezwa kidogo, na picha kupigwa. Kwa jeraha jipya kazi hii huchukua muda mfupi. Kwa lile la miezi kadhaa, kovu limeshakaza, hivyo huweza kuchukua siku nyingi, hata wiki.

Mifupa ikisharudi, daktari wa upasuaji hufunga pingili ya kwanza na ya pili pamoja kupitia nyuma ya shingo. Wazo hili si jipya. Madaktari Mixter na Osgood wa Boston, Marekani, waliandika mwaka 1910 jinsi walivyozifunga pingili hizo kwa uzi wa hariri. Mwaka 1939 William Gallie wa Kanada alieleza njia ya kutumia waya pamoja na kipande cha mfupa. Siku hizi hutumiwa zaidi skrubu na vyuma vidogo, kwa njia ambayo Atul Goel wa Mumbai, India, aliichapisha mwaka 1994 na ambayo Jürgen Harms wa Ujerumani aliiendeleza mwaka 2001. Pamoja na vyuma hivyo, kipande cha mfupa hukatwa kutoka nyonga ya mgonjwa na kuwekwa kati ya pingili, ili hatimaye ziungane ziwe mfupa mmoja.

Ikiwa mifupa imekataa kurudi na inaukandamiza ugwe, kazi huwa nzito zaidi. Huenda daktari akalazimika kuifungua na kuirudisha kwa mkono, au kuliondoa lile jino kupitia mdomoni kabla ya kufunga pingili kwa nyuma.

Wengine, hasa wenye jeraha ambalo bado si la zamani sana, huweza kuvishwa pete ya chuma iliyoshikizwa kwenye fuvu na kuunganishwa kwa vyuma na fulana ngumu kifuani. Kifaa hiki, kilichoelezwa na madaktari Perry na Nickel wa Marekani mwaka 1959, huvaliwa kwa takribani wiki 12.

Nchini Kenya, wagonjwa wa aina hii hupewa rufaa kwa hospitali zenye wataalamu wa mifupa na wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, zikiwemo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ile ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo iliyoko Nairobi, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret. Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, uliza kiasi ambacho bima yako italipa. Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na ni vyema usajili uwe umekamilika kabla ya siku ya dharura.

Maisha baada ya upasuaji

Swali ambalo wagonjwa huniuliza sana ni hili: "Daktari, nitakuwa kama zamani?"

Maumivu mengi huisha, na hatari ya mfupa kusogea hupungua sana. Lakini kwa kuwa pingili mbili zimefungwa pamoja, takribani nusu ya uwezo wa kugeuza shingo hupotea. Dereva hulazimika kugeuza mabega na kutegemea vioo. Kuinamisha na kuinua kichwa hakupungui sana, kwa sababu pingili nyingine hufanya kazi hiyo.

Kuhusu ganzi na udhaifu, matokeo hutegemea ugwe ulibanwa kiasi gani na kwa muda gani. Aliyekuja akiwa na vidole vizito kwa wiki chache ana matumaini makubwa. Aliyengoja hadi akaletwa kwa kiti cha magurudumu huenda akapata nafuu kidogo tu. Upasuaji wenyewe pia una hatari zake, ikiwemo kujeruhiwa kwa mshipa wa damu unaopanda kuelekea ubongo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa.

Yule fundi wa mawe alivutwa shingo kwa siku kumi na moja, kisha akapasuliwa. Mikono yake ilirudi karibu yote, ingawa kidole gumba cha kulia bado kina ganzi. Hapandi tena majukwaa ya mjengo, bali husimamia mafundi wengine kutoka chini.

Yafaa ufanye nini?

Ukikuta mtu ameumia barabarani au ameanguka, usimburure wala kumkunja ili aingie kwenye gari dogo, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo. Mwambie atulie. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa sambamba na mwili, na wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo hadi kwenye machela au ubao.

Baada ya ajali ya gari, kuanguka kutoka mahali palipo juu au kugonga kichwa, nenda ukapimwe ikiwa shingo inauma, ikiwa viungo vina ganzi, au ikiwa huwezi kugeuza uso kulia na kushoto. Usiigeuze kwa nguvu ili kujijaribu. Mwenye miaka 65 na zaidi apelekwe hata kama maumivu ni kidogo.

Mweleze daktari habari zote za ajali hiyo, hata kama ni ya mwaka jana. Mwombe atazame pingili mbili za juu.

Funga mkanda kila unapopanda gari. Sheria zilizoletwa na waziri John Michuki mwaka 2004 ziliagiza mikanda katika matatu, na mkanda uliokalia hausaidii. Vaa helmeti kwenye bodaboda. Usipige mbizi mahali ambapo hujui kina cha maji. Nyumbani kwa mzee, ondoa zulia linaloteleza na uache taa ikiwaka kwenye njia ya kwenda msalani.

Mwisho, unapomaliza kunyolewa na kinyozi akashika kidevu chako tayari kukizungusha, mwambie aache. Akandaye mabega hana kosa, lakini shingo iliyowahi kuumia haifai kuzungushwa na mtu asiyejua ndani yake kuna nini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa shingoni huzibwa kwa urahisi zaidi wiki ya kwanza kuliko mwezi wa nne.